Kikombe cha Hedwig na Mpaka wa Loise

Waliokuwepo siku hiyo nyumbani Kalama ni Mzee Kisilu kitandani, mwanawe Ndunda, binti yake Ndila, na Mutheu, mke wa Ndunda, aliyempakata mtoto mwenye kikohozi. Mzee alikataa uji. Alimwambia kwanza Mutheu amtoe mtoto kwenye upepo wa mlangoni, ndipo akaanza.

"Sikilizeni, wanangu, na msinikatize, maana pumzi imebaki kidogo. Nikiwa kijana nilitunza uwanja wa tenisi wa mama mmoja Mjerumani pale mjini, Hedwig, ambaye tayari alikuwa mzee wa kuchechemea. Kwao alianza kushinda akiwa na miaka kumi na sita, akacheza Berlin, akacheza Hamburg, magazeti yakamwandika, mpaka mwaka 1913 akafika fainali ya kikombe kikubwa, na mpira wa mwisho wa mpinzani wake mwamuzi akasema umetoka nje. Watu wamesimama, wanampigia Hedwig makofi! Yeye akamwendea mwamuzi, akasema, 'Umegusa mstari, nimeona chokaa ikiruka.' Mchezo ukaendelea, akashindwa. Mwaka uliofuata vita vikaja, uwanja ukalimwa viazi, na fainali nyingine hakuipata maisha yake yote. Nilimcheka: 'Mama, ulikuwa mjinga.' Akanijibu, 'Labda, Kisilu. Lakini usiku mimi hulala.'

Mimi silali. Kabla ya mashamba kupimwa nilisogeza mkonge wa mpakani hatua tatu ndani ya shamba la marehemu ndugu yangu Musyoka, na mjane wake Loise aliponishtaki kwa wazee, niliapa kwa kithitu kwamba sikugusa kitu, nanyi mnajua kiapo kile hakimli mwongo peke yake, hula na kizazi chake. Nimezika wana wawili. Sasa nasikia kifua cha huyu mdogo, na naogopa, wanangu, naogopa sana."

"Baba, hiyo ni baridi tu," Ndunda alisema.

"Basi iwe baridi! Mkonge urudi. Loise huyo huyo ndiye anayemletea mtoto wenu maziwa kila asubuhi, hamwoni haya? Waiteni wazee, wachinje mbuzi wangu, wakiondoe kiapo. Hatua tatu, Ndunda, usipunguze. Ndila, shika mkono wa kaka yako... msigombane. Mungu awafunike... huyu mdogo akue... akue..."

Mzee alifariki Alhamisi. Ndunda alihamisha mkonge hatua mbili, akasema zinatosha. Hatua ya tatu Mutheu aliihamisha mwenyewe, kwa jembe, mtoto akiwa mgongoni.