Maji ya Papa

Mwaka wa kabla ya Uhuru, feri ya Likoni ikivuka, Bi Khairiya alikuwa akikwangua chumvi kwenye papa mkavu. Nikiwa kwenye benchi la nyuma yao, nilimsikia akimweleza kijana aliyeketi kando yake, Wafula, kwamba daktari amemkataza mumewe chumvi kwa ajili ya presha.

Wafula alisema yeye hulisha panya wa maabara. Wakidungwa homoni ya tezi zilizo juu ya figo na kunyweshwa maji ya chumvi, presha hupanda sana. Wakinyimwa chumvi, sindano ile ile haiwadhuru hivyo.

"Panya hupimwa presha wapi, mwanangu?" "Mkiani, mama." Bi Khairiya alicheka. "Mume wangu hana mkia, wallahi! Lakini papa mimi humroweka majini usiku kucha, chumvi yote ikatoka." "Na yale maji?" "Ndiyo nipikiayo mchuzi. Nimwage utamu?"

Nilitazama pembeni, nisionekane nikicheka.

"Basi chumvi yote anainywa, mama. Yamwage wiki moja, kisha apimwe. Huenda ikashuka." "Hujaonja mchuzi wangu wewe!" Lakini kisu kilikuwa kimesimama. "Ishuke kweli?" "Kwa panya hushuka."

Feri ikagusa gati. Alimfunga papa, upande mmoja bado mweupe kwa chumvi. "Upande huu nitaukwangua kesho, inshallah," alisema. "Na maji yaliyoko nyumbani nitayamwaga." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Nusu."