Mama Milango, Aliyeufungulia Mto

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, familia imenituma mimi, kitinda mimba wa nyumba yetu, niwaeleze kwa ufupi maisha ya dada yetu mkubwa. Mimi ni seremala, maneno si fani yangu. Nikikwama mahali, nisubirini.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, wa kwanza kati ya watoto wanne wa baba yetu, fundi seremala, na mama yetu, mfinyanzi. Nyumba alimozaliwa hamwezi kwenda kuiona. Iko chini ya ziwa la bwawa, pale mashua za kukodi zinapogeuzia siku za Jumapili. Alikuwa na miaka kumi na miwili mto ulipozibwa. Kijiji kizima kilihamishiwa mlimani, na baba akang'oa milango na madirisha yote akayabeba, akisema kuta wachukue, lakini mbao ni jasho lake. Mama alitusimulia kwamba maji hayakuja kwa kishindo. Yalipanda taratibu, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa, yakafika kizingitini, yakafika dirishani, yakafunika paa. Watu wazima walilia. Dada alisimama kando ya baba, akauliza, "Baba, nani anayazuia?"

"Ukuta," baba akasema kwa hasira.

"Na ukuta unazuiwa na nani?"

Mama alisema tangu siku ile mtoto hakutulia.

Shule ya msingi aliimalizia kwenye makazi mapya mlimani, kisha akaenda sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1966. Mwalimu wake wa hesabu alifunga safari hadi nyumbani kumwambia baba, "Mzee, huyu usimwozeshe mapema. Hesabu zitabaki yatima." Baba alicheka, akauza meza mbili nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza ili binti asome. Mwaka 1976 alihitimu chuo kikuu, shahada ya uhandisi wa ujenzi, mwanamke peke yake katika darasa lake.

Mwezi Julai mwaka huohuo aliajiriwa kwenye bwawa letu hili hili. Hapo palizuka ugomvi. Baba aliona bintiye amekwenda kuwatumikia walewale waliomhamisha yeye nyumbani kwake. Hakugombana kwa maneno, maana hakuwa mtu wa maneno. Nyumba zote za mlimani zilipopata umeme wa bwawa, yeye aliendelea kuwasha kibatari. Mgeni akimuuliza, anajibu kwamba macho yake hayapendi mwanga mwingi. Miaka ikapita hivyo, dada akija kutusalimu na kula chakula kwenye mwanga wa kibatari.

Siku moja mwaka 1983 alikuja mchana, akamwambia, "Baba, twende ukaone. Kama ni kuchukia, chukia kitu unachokijua." Sijui kwa nini baba alikubali safari ile. Nilifuatana nao. Dada alitupitisha mlango mdogo wa chuma ubavuni mwa ukuta, tukateremka ngazi mpaka kwenye njia iliyoachwa ndani kabisa ya zege. Palikuwa na baridi, taa zimepangwa mstari mmoja mpaka macho yanachoka, na maji yanatiririka kidogo kidogo kwenye mfereji pembeni. Dada akasema maji hayo ni ya kawaida, kila ukuta mkubwa hutoka jasho, na kazi yake ni kulipima jasho hilo lisizidi.

Baba aliweka kiganja ukutani, kama alivyozoea kupima ubao. Ukuta ulikuwa unatetemeka. Mtetemo mdogo, usiokatika, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Dada akamweleza kwamba chini yetu mitambo inazunguka kufua umeme, na upande wa pili wa zege lile ziwa lote limesimama, juu kuliko vichwa vyetu kwa urefu wa mnara.

Baba akavua kofia.

"Yote hayo yametulia hivi?"

"Yote, baba."

"Na wewe ndiye unayeyalinda."

"Mimi na wenzangu."

Kofia aliirudisha kichwani tulipotoka juani. Juma lile aliniambia nimwite fundi aje kufunga taa chumbani kwake.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu ndoa ilikuwa imetangulia. Mwaka 1979 dada alifunga ndoa na shemeji yetu, mkulima wa vitunguu katika mashamba ya umwagiliaji chini ya bwawa. Walikutana ofisini. Shemeji alikuja amefura, anadai mfereji wake haupati maji ilhali jirani yake ana maji mpaka ya kufugia bata. Dada alikwenda naye shambani kwa miguu, wakakuta majani yameziba lango la mfereji wake mwenyewe. Shemeji mwenyewe husema alikwenda kudai maji akarudi na mke. Walijaliwa watoto watatu. Kazini walimwita Mama Milango, kwa ile milango mikubwa ya chuma ya kutolea maji. Nyumbani kwake milango ililia kwa kukosa mafuta miaka nenda miaka rudi. Mganga hajigangi, nilikuwa nakwenda kuitia mafuta mimi.

Sasa niseme la mwaka 1994, mwaka wake wa kwanza akiwa mkuu wa bwawa. Wengi mlio hapa mlikuwapo, lakini vijana hawajui.

Mvua za masika zilizidi. Ziwa lilijaa karibu na ukingo, na wakubwa wake mjini wakafurahi, maana maji mengi ni umeme mwingi. Walimwagiza ayashike. Dada aliangalia mawingu ya juu mtoni, akaangalia vipimo vya jasho la ukuta, akawaambia kwa simu kwamba ziwa linahitaji nafasi. Wakamwuliza kama anajua mashamba yaliyo chini. Alijibu, "Nalijua mojawapo vizuri. Ni la mume wangu."

Vitunguu vilikuwa vimekomaa, vinangoja kuvunwa. Alimpigia shemeji kwenye simu ya duka.

"Baba watoto, toa watu wote bondeni. Nafungua."

"Na vitunguu?"

"Viache."

Shemeji anasema alimwambia, "Haya. Nipe muda nipite nyumba zote." Alipita na baiskeli, anapiga sufuria, nami nikapita upande wa pili wa mto. King'ora kikalia, kikalia tena, na mchana kweupe dada akaamuru milango ifunguliwe.

Nilisimama kilimani nikaona. Sijui niwaeleze vipi. Maji yalitoka kama mlima uliolazwa ubavuni, meupe, na ardhi niliyosimama ikatetemeka mpaka meno yangu. Mvuke ulipanda ukafunika ukuta wote. Watu mamia walikuwa pale. Kisha yakashuka kwenye mashamba, na mavuno ya msimu mzima yakaondoka tukiyatazama.

Watu walimchukia, na mimi sitaficha. Mkulima mmoja, mzee wa kuheshimika, alimwambia usoni, "Wewe tulidhani mtoto wetu." Dada alimjibu, "Ni mtoto wenu, baba," akainamisha kichwa. Nyumbani alikaa jikoni akalia, kwa sababu hakuna aliyeyapenda mashamba yale kuliko yeye.

Siku chache baadaye bwawa dogo la watu binafsi, huko juu mtoni, lilipasuka. Wimbi lake lilishuka na miti, na mapaa ya nyumba, na mizoga. Likaingia ziwani kwetu. Ziwa likapanda, likapanda, likafika karibu na ukingo, likasimama. Nafasi aliyoifungua dada ndiyo iliyolimeza wimbi lile. Chini ya ukuta, mashamba yalikuwa tope tupu, lakini watu wote walikuwa hai kulitazama tope hilo.

Mzee yule alikuja kwake asubuhi iliyofuata, akakaa barazani muda mrefu. Mwisho akasema, "Mwanangu, nina mbegu kidogo za akiba. Mwambie mumeo aje tugawane."

Baada ya hapo hakuna aliyembishia king'ora. Ndiye aliyepigania kilie kila maji yanapotolewa, kwa ajili ya wanaooga na kufua kule chini. Ndiye aliyeuwekea ufukwe wa ziwa kamba ya maboya, na kuwalazimisha wenye mashua kuwavalisha abiria makoti ya kuelea. Yeye mwenyewe alijifunza kuogelea akiwa na miaka hamsini, pamoja na watoto wa darasa la pili, akiwa wa mwisho darasani. Alistaafu mwaka 2011.

Mwaka 2021 madaktari waligundua moyo wake umepanuka. Aliugua kwa utulivu. Mwezi uliopita aliomba apelekwe juu ya ukuta. Wanawe walimbeba kwenye kiti. Upande mmoja ziwa lilikuwa limejaa waogeleaji na mashua, upande wa pili mashamba yalikuwa ya kijani mpaka upeo wa macho. Aliomba wamgeuze upande huu, kisha ule, kisha huu tena. Binti yake akamwuliza kama amechoka. Alisema, "Maji haya nimeyatazama maisha yangu yote, na bado yananishinda." Mama Milango alifariki dunia nyumbani kwake, Jumapili asubuhi, tarehe 4 Agosti 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, wadogo zake watatu, mawifi na mashemeji, na mkuu wa sasa wa bwawa, ambaye dada alimfundisha kazi, na aliyeomba leo ahesabiwe miongoni mwa wanawe. Tumemhesabu.

Dada, umetulinda vya kutosha. Sasa Mungu akulinde wewe, na akupe amani ya kudumu.