Ndege Ukutani Kabla ya Safari

Kwenye treni ya kwenda Qena, kusini mwa Misri, kijana aliyekumbatia mkoba wa brashi alimwambia mama aliyeketi kando yake, "Sogea kidogo, Hajjat."

Mama akasogea, ila akamsahihisha. "Mimi si Hajjat. Kila mwaka naingia kura ya hija, na kila mwaka wanachaguliwa wenzangu."

Kijana akacheka bila furaha. Alikuwa mchoraji, akasema, na asubuhi hiyo wafadhili wa Berlin walikuwa wamemkataa tena. "Wanataka nieleze picha zangu zina uchungu gani. Mimi nachora njiwa."

"Njiwa ana uchungu gani?" mama akashangaa. "Basi mimi nina kazi. Nichoree ukuta wa nyumba: Kaaba, ndege ya kwenda Makka, na mimi dirishani mwake."

Hata mimi niliyeketi mbele yao, nisiyependa kuingilia ya watu, nilikunja gazeti nisikilize. Kwetu ukuta huchorwa mtu akirudi kutoka Makka, si kabla hajaenda.

"Mama, watu watakucheka," kijana akasema taratibu. "Siwezi kuchora uongo."

"Na wewe, hao wa Berlin wameshakuchagua?"

"Bado."

"Lakini umeniambia wewe ni mchoraji."

Kijana akaushika upya mkoba wa brashi. Akasema labda achore ukuta wa ndani, usioonekana barabarani.

"Ndege gani inapaa sebuleni?" mama akauliza.

Treni ikasimama. Wakashuka wakibishana, kijana amembebea mama kikapu chake. Nikamsikia akimwita tena Hajjat, na safari hii mama hakumsahihisha.