Mita Moja ya Waya wa Mzee Saa

Leo ni tarehe 28 Juni, nami nimeahidi kusimulia yote, hata lile kosa. Keshokutwa babu yangu, ambaye ninyi wenzake mnamwita Mzee Saa, anastaafu baada ya kuitumikia maabara hii miaka thelathini na mmoja.

Kazi yake alinieleza nikiwa darasa la nne. Chini ya ardhi kuna tangi la maji lililozungukwa na vihisi mia tatu vya nuru. Linasubiri mmweko mmoja ambao huenda usitokee kwa miaka mingi. Vihisi vyote lazima vifuate saa moja, la sivyo mmweko wa kawaida utajifanya mgeni rasmi. Basi babu hujenga tangi la pili ndani ya kompyuta, huliwashia taa ya kuigiza, kisha hulinganisha majira yake na ya tangi lenyewe. Bibi husema mumewe anaijua sehemu ya bilioni ya sekunde, ila chakula cha saa saba hukifikia saa tisa.

Katika mwaka wake wa kumi na mbili, mmweko ulionekana. Watu walikumbatiana, fundi wa pampu alicheza na ufagio. Babu akachukua futi yake ya kupimia, akashuka. Kihisi namba 212 kilikuwa kimebadilishiwa waya, naye alikuwa ameingiza kwenye kompyuta mita ishirini kama karatasi ilivyosema. Alikuta ishirini na moja. Mita hiyo iliichelewesha ishara kidogo mno, lakini aliposahihisha hesabu, mgeni rasmi akageuka jirani wa kila siku.

Mkutanoni alisimama mbele ya watu waliokwisha kuwaarifu mama zao, akasema, "Kosa ni langu. Niliamini karatasi, sikupima."

Hakuna aliyemlaumu. Fundi wa pampu alilalamika tu kwamba ngoma yake ilikuwa ndiyo kwanza inakolea. Tangu hapo, urefu wa waya hauingizwi kabla watu wawili hawajaupima, kila mmoja na ncha yake, na futi ya babu hutundikwa mlangoni.

Mmweko wa kweli haujaonekana hadi leo. Juzi nilimuuliza kama inamuuma. Alisema kusubiri vizuri nako ni kazi, kisha akaisahihisha saa ya jikoni, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Babu, asante. Tunakuombea mapumziko yenye afya, na chakula cha saa saba saa saba.

Nanyi mnaobaki, naomba mnijibu kabla ya keshokutwa: siku mmweko wa kweli utakapofika, mkishapima waya, je, mtampigia babu simu kabla hamjaanza kucheza?