Dada Mkubwa wa Mapokezi na Shokapu Zilizogonga

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Dada Mkubwa wa mapokezi anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya kuuza na kutengeneza malori kwa miaka thelathini na mmoja. Karibu sote tulimkuta hapa. Hata meneja wa sasa, siku yake ya kwanza kazini, ni yeye aliyemwonyesha choo kiliko na kiti kipi kina mguu mbovu.

Alianzia stoo ya spea, kisha akahamishiwa dirisha la mapokezi ya karakana, lile linalotazama lango. Hapo ndipo wateja hufika wakiwa wamefura, na yeye alijua kumtuliza mtu bila kumbembeleza. Mteja akishindwa kueleza ugonjwa wa gari, alimwambia, "Hebu niigizie." Tumeshuhudia watu wazima, na suti zao na vitambi vyao, wakinguruma na kupiga miluzi pale dirishani, naye akiwajibu kwa mlio uleule mpaka waelewane. Mafundi waliweka spana chini ili wacheke vizuri. Yeye hakucheka hata siku moja.

Lakini akitajwa huku karakana, wengi hukumbuka lori la mchanga.

Lilikuwa jipya, waranti yake, yaani dhamana ya kutengenezewa bure, bado hai. Dereva wake, mtu mpole wa makamo, alilileta akilalamika kwamba shokapu za mbele zinagonga. Mafundi walilizungusha uani, kwenye lami yetu laini, wasisikie kitu. Akaambiwa gari jipya ndivyo lilivyo, litazoea. Akarudi, akajibiwa vilevile. Mara ya tatu alisimama dirishani na kukataa kiti.

"Dada, tajiri anasema mimi ndiye ninayelivunja gari lake kwa mwendo kasi," alisema. "Leo nikirudi na kelele hizi, niache funguo mezani."

Dada Mkubwa alichukua mkoba, akafunga dirisha, akaenda kumtoa fundi mkuu chini ya gari jingine.

"Kwani umekuwa fundi lini?" fundi mkuu alimtania.

"Sijawa. Ndiyo maana tunakwenda wote."

Wakapanda watatu, lori likiwa tupu, wakashika njia ya machimboni, yenye mawe na makorongo. Hawakufika mbali. Ko-ko-ko, ko-ko-ko, na dereva alikuwa akienda polepole kama aliyebeba mayai. Fundi mkuu alishuka, akajilaza chini ya lori, akaibuka na vumbi mgongoni. Mipira ya shokapu ilikuwa imekaa upande tangu kiwandani. Chuma kilikuwa kinagonga chuma.

Waliporudi karakana, meneja alisita. Alisema waranti haihusu barabara mbovu.

"Tulimuuzia lori la mchanga," Dada Mkubwa alimjibu. "Mchanga hauchimbwi kwenye lami."

Meneja akaidhinisha. Shokapu mpya zikafungwa siku hiyohiyo.

Wengine tungeishia hapo. Yeye aliinua simu, dereva akiwa amesimama mbele yake, akampigia mwenye lori. "Dereva wako hana kosa," alimwambia. "Shokapu zilikuja mbovu, na sisi tulimrudisha mara mbili bila kumsikiliza. Utusamehe. Na yeye pia anastahili neno kutoka kwako." Dereva aligeuka akatazama ukuta. Sisi tukajifanya tuna kazi nyingi.

Baadaye Dada Mkubwa aliitwa ofisini, akaelezwa kwamba kampuni haitangazi makosa yake kwenye simu. Alitoka na macho mekundu kidogo, akafungua dirisha, akamwita mteja aliyefuata.

Dereva hakufukuzwa. Na haukupita muda, meneja yuleyule akaagiza kwamba hakuna gari litakaloitwa zima kabla fundi hajakaa ndani yake na anayeliendesha, katika njia anayoipita kila siku.

Nimejiuliza kwa nini kisa hiki hakitutoki. Shokapu tumebadilisha nyingi. Lakini mtu akiambiwa kila mara kwamba anachosikia hakipo, mwishowe huanza kujishuku. Dereva yule alikuwa amefika hapo, na Dada Mkubwa alimwona kabla hatujamwona.

Jambo moja ambalo wageni hawaliamini: miaka yote hii kati ya malori, hajawahi kushika usukani. Mumewe, fundi cherehani, amekuwa akimsubiri langoni kila jioni na kigari chao cha kijani. Wiki ijayo anaanza kujifunza, na mwalimu ni huyohuyo mume. Tunamwombea shemeji yetu moyo mkuu.

Dada Mkubwa, ahsante kwa kila uliyemsikiliza. Tunakutakia afya, usingizi usiokatizwa na honi, na siku njema nyingi. Jumatatu mtu mwingine atafungua dirisha lile, na sote tutageuza shingo kumtazama, kwa mazoea tu, tukidhani ni wewe.