Mwalimu Elphas Kiambi na Ombi la Karurumo

Marehemu Elphas Kiambi alizaliwa tarehe 4 Juni 1930 huko Githongo, mtoto wa tatu wa mzee Kirimi na mama Muthoni. Alianza masomo shule ya misheni mwaka wa 1938, na 1946 akaingia seminari ndogo. Kutoka utotoni alitaka kitu kimoja tu, awe padre. Mzee Kirimi naye alikuwa ameshatangazia soko zima kwamba yeye atazikwa na padre wa kumzaa mwenyewe.

Kilatini kilimkaa kichwani. Wenzake walikwama kwenye vile vitenzi visivyo na mwenyewe, kama pluit, yaani kunanyesha, wala hakuna anayetajwa kuwa ndiye ananyesha. Yeye alivipenda hivyo hasa. Alifurahi kwamba Kilatini hakisemi mtu anajuta; kinasema me paenitet, majuto yananishika, na mtu ndiye anayetendwa.

Mwaka wa 1953 alitumwa Karurumo, upande wa Embu, afundishe kwa muda kabla ya kuingia seminari kuu. Siku ya somo la oportet, yaani inapasa, darasa zima lilimtumbulia macho. Akaweka chaki chini.

"Gichiaro wako akikuomba mbuzi, utamnyima?"

"Hapana, mwalimu. Hiyo haiwezekani."

"Nani amekulazimisha?"

Wakatazamana. "Hakuna mtu, mwalimu."

"Basi hiyo ndiyo oportet."

Kwa vijana wa siku hizi: gichiaro ni undugu wa kale kati ya ukoo na ukoo. Humwagi damu ya gichiaro wako, na akikuomba kitu humnyimi.

Aprili 1954, Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, ikiwa imepamba moto, ulifanywa msako Karurumo. Wanaume walipangwa mstari, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Gunia lilipotikisa kichwa, ulipelekwa kwenye lori. Lilitikisa kichwa kwa Kiambi, ambaye hakuwa amekula kiapo chochote. Likatikisa tena kwa Kithinji, mpishi wa shule, baba wa watoto wanne.

Homugadi, yaani mlinzi mwenyeji wa serikali ya kikoloni, aliyelinda lori aliitwa Bundi. Alipouliza ukoo wa mwalimu na kutajiwa, mkono wake uliokuwa na rungu ulishuka wenyewe.

"Mwalimu, kumbe wewe ni gichiaro yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Omba sasa. Mtu moja naweza kutoa, niseme gunia ilikosea. Wawili mzungu ataona."

Kiambi alijua vizuri kwamba aliyepitia kizuizini hangepokelewa seminari kuu. Alitamani sana kujitaja. Aliwahi kumwambia mkewe kwamba jina lake mwenyewe lilimfika hadi kwenye meno.

"Toa Kithinji," alisema.

"Na wewe je?"

"Mimi sina mtoto."

Bundi alikasirika, lakini alikuwa ameombwa. Akamshusha Kithinji kwa kumsukuma na kumtukana, ili ionekane ni kazi, na lori likaondoka.

Kiambi alirudi mwaka wa 1957. Seminari kuu ilimkatalia, na mzee Kirimi akazikwa na padre wa kuazima. Miaka mingi baadaye padre mmoja alimuuliza kama anajutia siku ile. Alijibu, "Baba, majuto bado hayajanishika. Labda hayajui ninapoishi."

Alifundisha Kilatini mpaka kilipoondolewa shuleni, kisha Kiswahili, akastaafu 1985 na kurudi kwenye kahawa yake Githongo. Tarehe 20 Agosti 1960 alifunga ndoa na Celina Ntinyari, dada mdogo wa Kithinji, aliyekuwa amekuja kutoa shukrani za familia yao. Celina husema alileta ndizi na hakurudishwa.

Mwaka wa 2008 aliugua kiharusi. Familia inawashukuru kwa moyo wote wauguzi na majirani waliomgeuza na kumlisha. Aliaga dunia nyumbani asubuhi ya tarehe 11 Machi 2009, Celina akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane Celina, watoto Mwirigi, Muthoni na Kirimi, na wajukuu tisa. Kaburi lake limechimbwa na watoto wanne wa Kithinji, ambao hawakukubali kusaidiwa.

Mzee Bundi amesafiri kutoka Karurumo akiwa na fimbo mbili, na yuko hapa mbele yetu. Jana aliiomba familia ruhusa ya kutupa udongo wa kwanza. Desturi humpa nafasi hiyo kifungua mimba, lakini Mwirigi amempisha. Hakuna aliyemlazimisha.

Mwalimu, lala kwa amani ya Bwana. Gichiaro wako ameomba, naye hakunyimwa.