Kisanduku cha Kakese Hakijibu

Benchi langu ni ubao mmoja wa mninga juu ya matofali, kona ya Kawajense hapa Mpanda, mkabala na saluni ya Doto. Mimi nauza kahawa na kashata, wananiita Mama Glory, na kazi yangu ya pili, isiyo na mshahara, ni kusikiliza wanaume wanaojua kila kitu. Mchana huo umeme ulikatika redio ya Doto ikiwa katikati ya salamu za wasikilizaji. Simu nazo zikapoteza mtandao, maana siku hizi mnara ukikosa umeme na sisi wote tunakuwa mabubu. Benchini walikuwepo wanne. Mzee Lyamba tunamwita Jaji, kwa sababu hukumu anaitoa kabla ya kesi. Mwandu anauza vipuri, kwa hiyo ni Spea. Malale wa bodaboda ni Pancha, na ukiona anavyoendesha huulizi kwa nini. Wa nne ni Deusdedit, fundi kompyuta, ambaye tangu afunge mitambo yake kwenye kisima cha Kakese jina lake limekuwa Seva. Huyo alikuwa ameshika kashata mpaka inamyeyukia mkononi, macho kwenye simu isiyo na mtandao.

— Seva, kunywa kahawa, inapoa, — nikamwambia.

— Haijajibu, Mama Glory.

— Nani huyo?

— Pampu. Nimeiita kabla umeme haujakatika. Haijajibu.

Maneno yakaanzia hapo.

— Pampu unaiitaje? — Malale akauliza. — Unaipigia mluzi?

— Sikiliza, Pancha. Hapa mjini ofisini kuna kompyuta. Hiyo ndiyo mteja. Kule kisimani Kakese kuna kisanduku nimekifunga ukutani. Hicho ndicho seva. Mteja anaita: washa pampu. Seva anasikia, anawasha, halafu anarudisha jibu, mpaka kwenye simu yangu: tayari. Mtu hana haja ya kukodi pikipiki mpaka Kakese kwenda kubonyeza kitufe.

— Kumbe ni wewe unaniharibia biashara.

— Sasa wanajuanaje, huyu wa mjini na yule wa Kakese? — Mwandu akauliza.

— Nimewaseti wote wawili. Mteja nimempa anwani ya seva na mlango wa kupitia. Seva nimemwambia akae kwenye mlango huohuo, asikilize. Mteja nimemwekea na muda wa kusubiri. Asipojibiwa, anaita tena.

— Anaita mara ngapi? — Mzee Lyamba akauliza.

— Mpaka ajibiwe.

Mzee Lyamba akaweka kikombe chini kwa adabu, kama anataka kusoma hukumu.

— Hapo umekosea, mwanangu. Hodi ni tatu. Ukibisha kwa watu mara tatu usijibiwe, unageuza, unaondoka. Ya nne siyo hodi tena, huo ni ugomvi. Ndiyo maana wakubwa walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inaingiaje hapo, mzee?

— Inaingia. Wewe kaa nayo tu, utaiona.

— Mimi najua kwa nini haijibu, — Mwandu akasema. — Ni lugha. Hiyo ya mjini imesomeshwa Dar. Ya Kakese imekaa wiki nzima na sisi Wasukuma. Saa hizi inashukuru kwa Kisukuma "wabeja, wabeja", na ile ya mjini inasubiri kusikia "okei".

Tukacheka. Deusdedit hakucheka.

— Usifanye mzaha, Spea, hilo nalo hutokea. Ukiseti programu mpya huku, na kule ukaacha ya zamani, hawaelewani. Lakini hawa jana wameelewana vizuri tu.

— Basi fisi, — Malale akasema. — Fisi wa kule wanatafuna waya. Nilimbeba mtu wa Kakese, akaniambia wamemtafunia mpaka tairi la mkokoteni.

— Hakuna waya, Pancha. Kinatumia laini ya simu.

— Basi wamekula laini.

— Fisi gani wa mchana? — Mzee Lyamba akamkata. — Kisima kile kilichimbwa bila kuwaaga wenye eneo. Hicho kisanduku kinasikia, sana tu. Kimekatazwa kujibu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mzee, kisanduku hakina guu.

— Ndiyo maana nasema kimekatazwa.

— Mimi naona nyie wote mnaangalia chini, — Malale akasema, na hapo nikajua tunapanda mlima. — Angalieni juu. Kuna setelaiti imeegeshwa hapa Katavi, inahesabu tembo hifadhini. Seva akiita pampu, anayeitika ni tembo. Sasa tembo atasemaje "tayari"?

Hata Doto, aliyekuwa amekaa mlangoni kwake na mashine ya kunyolea iliyokufa mkononi, aliangua kicheko. Mimi nilikuwa natazama mguu wa Deusdedit. Ulikuwa unatikisika, na benchi lote likawa linatikisika nao.

— Baba, una nini leo? — nikamuuliza. — Kutojibu tu ndiyo kunakukondesha?

— Siyo kutojibu, Mama Glory. Ni kwamba sijui hajajibu kwa namna gani.

— Kwani kuna namna ngapi?

— Mbili. Inawezekana wito wangu umepotea njiani, seva hajasikia kitu. Au amesikia, amepokea kazi, halafu mtandao ukakatika jibu likiwa njiani. Huku kwa mteja yote mawili yanafanana. Kimya ni kimya.

— Na yanatofautiana nini?

— Kisanduku kina sola yake, chenyewe hakizimi. Pampu ndiyo inatumia umeme wa nguzo. Kama kilinisikia, kazi kimeishika. Umeme ukirudi tu, pampu inawaka yenyewe.

— Si ndiyo vizuri? Watu wa Kakese wapate maji.

— Ndiyo vizuri. Ila kamati ya maji inanisubiri niteleze. Walisema vitu vya kuita kwa mbali ni uchawi wa bei ghali.

Kwa hiyo nikadhani hofu yake ni hiyo tu, ya kuchekwa na kamati. Nikammiminia tena juu ya ile iliyopoa.

Hapo ndipo alipofika Esteria, mke wa Obadia, fundi wa pampu ya Kakese. Alikuwa ametoka sokoni na ndoo ya dagaa kichwani, kitenge kimefungwa vizuri, mtu asiye na haraka.

— Shikamoo, baba, — akamwambia Mzee Lyamba, kisha akamgeukia Deusdedit. — Shemeji, habari za kazi? Mama Glory, hapa kwenu mtandao upo? Nampigia baba Suzana, hapatikani.

— Haupo mji mzima, mdogo wangu. Kuna shida?

— Hapana, siyo shida. Nataka kujua ule mkanda wa pampu aliouchukua asubuhi kwa Mwandu umeingia au nimbebee mwingine.

— Mkanda wangu? — Mwandu akainuka nusu. — Ule unaingia kama pete kidoleni. Nimeupima kwa mkono wangu.

— Haya, kama umepima. Maana alisema anasubiri umeme ukatike ndiyo aubadilishe. Atakuwa anaufunga sasa hivi.

Kashata ikamwanguka Deusdedit. Sikuwahi kuona uso wa mtu mzima ukiisha damu namna ile.

— Shemeji, — akasema taratibu. — Obadia akifunga mkanda, anashusha swichi kubwa?

— Aishushe ya nini? Umeme si umekatika?

Hakuna aliyecheka. Sisi wote tunafanya hivyo. Umeme ukikatika taa tunaziacha zilivyo, pasi tunaiacha kwenye soketi, na fundi ndiyo anaona nafasi yake ya kuingiza mikono. Obadia alikuwa na sababu zaidi ya sisi. Miaka yote kabla ya kisanduku, pampu ile umeme ukirudi ilikuwa inakaa kimya mpaka yeye aende abonyeze kitufe. Bila kidole chake hakuna kilichozunguka pale, na aliingiza mikono kwenye mashine ile kwa amani ya mtu anayejua hivyo.

— Pancha! — Deusdedit akapiga kelele. — Kakese! Mwambie Obadia atoe mikono! Mwambie ashushe swichi!

Malale hakuuliza bei. Hiyo peke yake ilinitisha. Pikipiki ikaruka, vumbi likatufunika na kahawa yetu.

— Na wewe kachomoe hiyo kompyuta ya ofisini! — Mwandu akamwambia Deusdedit. — Isiite tena!

Ofisi ni nyumba chache kutoka kwangu. Akakimbia, akarudi anahema, waya wa kompyuta ukining'inia mkononi.

— Nimechomoa. Mteja hawezi kuita tena.

— Basi tumepona, — Mwandu akasema.

— Hatujapona. Kama wito wa kwanza ulifika, uko kule, hauko huku. Hata nikiivunja kompyuta kwa nyundo, siwezi kuurudisha.

— Tuwapigie watu wa umeme, wasirudishe!

— Kwa simu ipi, Spea?

Nimeishi Mpanda tangu nasoma darasa la kwanza, na umeme wetu nimeulaani kwa kila lugha ninayoijua. Siku hiyo niliomba usirudi. Niliomba kweli, midomo inatembea, birika mkononi. Mzee Lyamba naye alisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na hakuna aliyemuuliza inaingiaje.

Esteria alikuwa amewatazama wanaume hawa wakikimbia na kurudi. Akatua ndoo yake chini. Hakuwa mtu wa kompyuta, lakini alikuwa ameelewa linalomhusu.

— Shemeji. Hii tabia ya kisanduku kukumbuka kazi na kuwasha chenyewe. Mlimwambia baba Suzana?

Deusdedit akafungua mdomo.

— Kwenye mfumo, shemeji, tuliseti…

— Sijauliza mfumo.

— Mteja anajua anwani, seva anajua mlango, wote wawili wana…

— Nauliza mume wangu. Mlimwambia?

Nikamwangalia Jaji, ambaye hajawahi kukosa hukumu. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwandu anaangalia barabara. Deusdedit anauzungusha ule waya mkononi, anauzungusha tu. Nilimchukia kidogo wakati ule, nasema ukweli, na papo hapo nikamwonea huruma.

Redio ya Doto ikaanza kuimba.

Hakuna aliyeigusa. Doto alikuwa bado amekaa mlangoni. Aliiacha imewashwa umeme ulipokatika, basi umeme umerudi nayo inaimba, kwa sauti yote, wimbo wa harusi. Esteria akaziba mdomo kwa kitenge.

Haikuchukua muda mnara nao ukaamka, simu ya Deusdedit ikatoa mlio mfupi. Akaisoma. Akatuonyesha. Kulikuwa na maneno matatu: WASHA PAMPU, TAYARI.

Kumbe kilisikia. Muda wote ule tunacheka habari za tembo, kilikuwa kimesikia.

Esteria akapiga simu. Akaweka sauti ya nje ili wote tusikie. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga ya pili. Ikaita mpaka mwisho. Akapiga ya tatu, nami nikamshika kiwiko. Ikaita mpaka mwisho. Akaishusha simu taratibu kifuani.

— Piga tena, mwanangu, — Mzee Lyamba akasema.

— Hodi ni tatu, baba, — Esteria akajibu, na machozi yakaanza.

— Nani kasema? Piga!

Akapiga. Ikaita mara mbili.

— Haloo! Mama Suzana! — Ilikuwa sauti ya Obadia, kali, na nyuma yake kitu kinavuma. — Mwambie huyo Mwandu mkanda wake ni mfupi! Umegoma kabisa! Nimeacha kila kitu, hadi simu, nikaenda kwa jirani kutafuta ule wa zamani!

— Mikono yako! — Esteria akapiga kelele. — Baba Suzana, mikono!

— Mikono ina nini? Sikiliza, nimerudi nakuta mota inazunguka yenyewe, koleo langu nililoliacha pale imelirusha mpaka limetoboa mlango! Na humu ndani hamna mtu! Nani kaiwasha?

Mwandu alikuwa ameshafungua mdomo kuutetea mkanda wake. Akaufunga. Esteria akakaa chini kabisa, pembeni ya ndoo ya dagaa. Simu akaiacha juu ya ubao, katikati yetu.

— Haloo? Si mnanisikia? Nauliza, nani kaiwasha?

Nilijua majibu yaliyopo, niliyasikia mchana kutwa: mtandao, laini, umeme, mfumo. Deusdedit akaweka waya chini na kuichukua simu kwa mikono miwili.

— Ni mimi, kaka. Nikiwa hapahapa Kawajense. Usiiguse. Shusha kwanza swichi kubwa, halafu uniambie. Pancha yuko njiani, na mimi nakuja nyuma yake sasa hivi, nikueleze yote niliyotakiwa kukueleza.

Kule upande wa pili tulisikia hatua zake, na ule mvumo. Esteria alikuwa ameushika mguu wangu kwa nguvu, wala sikuusogeza. Doto aliizima redio yake. Tukasubiri, wote, macho kwenye simu.

Mvumo ukakata.

— Tayari, — Obadia akasema.